Lady Grigg: Mke wa gavana aliyeanzisha hospitali ya akina mama Pumwani

MWANAMKE wa Kibera au Kawangware anapoulizwa alikojifungulia wanawe, si ajabu akataja Pumwani. Hospitali hiyo iliyoko mashariki mwa jiji la Nairobi imepokea watoto wa vizazi kadhaa, na wako akina nyanya waliozaliwa humo ambao wamewasindikiza wajukuu wao wakajifungulie papo hapo. Hata hivyo, ni wachache mno wanaolijua jina la mwanamke aliyeianzisha, ingawa wakati mmoja hospitali yenyewe iliitwa kwa jina lake.

Mwanamke huyo ni Joan Grigg, aliyejulikana kama Lady Grigg, mkewe Sir Edward Grigg, gavana wa Kenya kuanzia 1925 hadi 1930. Hakuwa daktari wala mkunga. Alikuwa mke wa mtawala wa kikoloni, na kila alichokifanya nchini alikifanya kwa nguvu za utawala huo, pamoja na dosari zake zote. Lakini jambo alilolishughulikia, yaani akina mama kupoteza maisha wakileta uhai duniani, lingali linaisumbua nchi karibu karne moja baadaye. Swali aliloliacha bila jibu, kwamba ni nani hasa anayepaswa kulipia uzazi salama wa mwanamke maskini, lingali linaulizwa katika vichochoro vya mitaa ya mabanda.

Alizaliwa mwaka 1897 akiitwa Joan Alice Katherine Dickson-Poynder. Alikuwa mtoto wa pekee wa mwanasiasa wa Uingereza, Sir John Dickson-Poynder, aliyepata baadaye cheo cha Lord Islington. Mnamo 1910 babake aliteuliwa kuwa gavana wa New Zealand na kuhudumu huko hadi 1912. Maisha ya nyumba ya gavana, basi, hayakuwa mageni kwa msichana huyu. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, wanawake wengi wa tabaka lake waliacha starehe zao wakaenda kuwauguza majeruhi, naye akawa miongoni mwao.

Mwaka 1923 aliolewa na Edward Grigg, mtu aliyekuwa amepitia mengi: uandishi wa habari katika gazeti la The Times, uanajeshi, kisha ukatibu wa Waziri Mkuu David Lloyd George. Mwaka uliofuata walijaliwa mtoto wao wa kwanza, John. Mtoto huyo alikuwa bado mdogo gavana wa Kenya, Sir Robert Coryndon, alipofariki ghafla mjini Nairobi mnamo Februari 1925. Edward Grigg aliteuliwa kuchukua nafasi yake, na kabla ya mwaka kwisha familia ilikuwa imewasili nchini.

Nairobi aliyoikuta Lady Grigg ilikuwa na umri wa miaka 26 tu tangu reli ifike mwaka 1899. Ulikuwa mji uliogawanywa kwa misingi ya rangi. Wazungu walikaa sehemu za juu zenye hewa safi, Wahindi wakawa na mitaa yao, nao Waafrika wakasukumwa upande wa mashariki, ambako Pumwani ilikuwa imetengwa kuwa makao yao mapema katika miaka ya 1920. Mwafrika mwanamume alibeba kipande shingoni na kulipa kodi, na machoni pa serikali alikuwa kibarua wa muda ambaye siku moja angerejea kwao. Mkewe hakuwa katika hesabu kabisa. Mji ambao haukutambua kwamba Waafrika wana familia ndani yake haungeweza kufikiria watajifungulia wapi.

Kibera wakati huo haikuwa mtaa wa mabanda kama ulivyojulikana baadaye. Ilikuwa sehemu yenye msitu, na jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana hiyo hiyo. Wanajeshi wenye asili ya Sudan waliotumikia kikosi cha King's African Rifles walipewa makao hapo pamoja na familia zao, na mnamo 1918 serikali ilitangaza rasmi ekari 4,197 kuwa eneo lao. Hadi 1928, eneo hilo lilikuwa chini ya usimamizi wa jeshi. Kawangware nayo ilikuwa sehemu ya mashamba ya Wakikuyu wa Dagoretti, nje ya mipaka ya mji.

Katika sehemu zote mbili, mwanamke alijifungulia nyumbani mikononi mwa mkunga. Ni makosa kudhani kwamba wakunga hao hawakujua lolote. Walijua kumtuliza mzazi, kumkanda, kupokea mtoto na kumhifadhi mama kwa siku zilizofuata. Isitoshe, Afrika Mashariki ilikuwa na ujuzi uliowashangaza hata wageni. Mwaka 1879, daktari Robert Felkin kutoka Uingereza alishuhudia katika nchi ya Bunyoro, Uganda, mganga Mwafrika akimpasua mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Felkin alipoondoka siku kadhaa baadaye, mama na mwanawe walikuwa wangali hai.

Lakini ujuzi wa mkunga ulikuwa na mpaka wake. Mama alipotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, alipopatwa na kifafa cha mimba, au mtoto alipokwama katika nyonga kwa siku mbili au tatu, mkunga hakuwa na la kufanya ila dua. Wengi wa waliopona uchungu wa namna hiyo walibaki na nasuri, ugonjwa wa kutokwa na mkojo au kinyesi bila kujizuia, wakajificha kwa aibu maisha yao yote.

Hapa ndipo Lady Grigg alipoona kazi. Hakuwa wa kwanza katika eneo hili kufikiria hivyo. Nchini Uganda, muuguzi Katharine Cook, mkewe daktari mmishonari Albert Cook, alikuwa tayari amesaidia kuanzisha shule ya wakunga huko Mengo, Kampala. Shule hiyo ilipewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana yule yule aliyefariki Nairobi. Ilikuwa imethibitika kwamba wasichana Waafrika wanaweza kufunzwa ukunga wa kisasa na kurudi kuwahudumia wenzao. Kenya haikuwa na mfano wa kutosha wa jambo hilo.

Lady Grigg aliunda chama cha ustawi kilichobeba jina lake na kuanza kukusanya michango nchini Kenya na Uingereza. Lengo lake lilikuwa mambo mawili: mahali pa kujifungulia na watu wa kuwahudumia wanaojifungua. Mnamo 1926 huduma ya uzazi ikaanzishwa Pumwani, na mwaka 1928 ikajulikana kama Hospitali ya Uzazi ya Lady Grigg, ikiwa na vitanda 27. Mombasa nako jina lake liliwekwa kwenye hospitali ya uzazi, na wenyeji wa mji huo walilitumia kwa miaka mingi. Kwa kufuata utaratibu wa nyakati hizo, huduma ziligawanywa kwa rangi, Waafrika na Wahindi wakitengewa majengo mbalimbali.

Vitanda 27 ni vichache, na tiba iliyopatikana juu yake ilikuwa ndogo ikilinganishwa na ya leo. Penisilini ilikuwa haijaanza kutumika. Ingefika kwa wengi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Hapakuwa na benki ya damu. Silaha kubwa ilikuwa usafi: mikono iliyooshwa, vifaa vilivyochemshwa, shuka safi, na jicho la mtu aliyefunzwa kutambua hatari mapema na kumwita daktari. Hata hivyo, silaha hiyo peke yake iliweza kuokoa maisha, kwa sababu homa ya uzazi itokanayo na uchafu ilikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa wa wazazi duniani kote.

Kuna jambo moja katika historia hiyo ambalo halipaswi kupuuzwa. Katika miaka ile ile ambapo mke wa gavana alikuwa akiomba michango ya vitanda vya akina mama, serikali ya mumewe ilikuwa ikijenga makao mapya ya gavana jijini Nairobi, yaliyochorwa na Sir Herbert Baker, msanifu mashuhuri aliyechora pia majengo ya serikali mjini Pretoria. Gharama yake ililalamikiwa hata na Wazungu wenyewe. Makao hayo ndiyo Ikulu ya Nairobi. Jumba la mtawala lilijengwa kwa fedha za umma, ambazo sehemu yake ilitoka kwa kodi ya Waafrika. Uzazi wa mke wa mlipa kodi uliachiwa hisani ya wenye moyo mwema. Lady Grigg aliishi ndani ya mgongano huo, na hapana ushahidi kwamba aliupinga hadharani.

Miaka hiyo pia ilidhihirisha kwamba hospitali haiwezi kusimama bila imani ya wanawake wenyewe. Mwaka 1929, madaktari na wamishonari wa Thogoto, si mbali na Kawangware, walipiga vita ukeketaji wa wasichana, mojawapo ya hoja zao ikiwa madhara yake wakati wa kujifungua. Kiafya walikuwa na hoja ya kweli, na uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, ukihusisha zaidi ya wanawake 28,000 katika nchi sita, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba waliokeketwa wamo katika hatari kubwa zaidi ya matatizo ya uzazi. Lakini jambo hilo lilipotolewa kama amri ya kanisa chini ya utawala wa kigeni, Wakikuyu wengi walihama makanisa na kuanzisha shule zao. Ukweli wa daktari ulipotea katika ugomvi wa watawala na watawaliwa, na waliokuwa na miili iliyojadiliwa hawakuulizwa chochote.

Muda wa Edward Grigg ulikwisha mwaka 1930, na familia ikarejea Uingereza. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili mumewe alishika nyadhifa serikalini, na mwaka 1945 akapewa cheo cha Lord Altrincham. Ndipo Joan naye akaitwa Lady Altrincham. Alifiwa na mumewe mnamo Desemba 1955. Mwanawe John, aliyeletwa Kenya akiwa mtoto mchanga, alizua kishindo mwaka 1957 alipokosoa hadharani hotuba na wasaidizi wa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 1963, mwaka Kenya ilipojipatia uhuru, mtoto huyo alikana cheo alichorithi kwa babake. Joan mwenyewe aliishi hadi 1987, akafariki akiwa na umri wa takriban miaka 90.

Hospitali yake ilikuwa imeshaondoka mikononi mwa hisani. Mwaka 1944, baraza la mji wa Nairobi liliichukua, na baadaye ikajulikana kwa jina la mtaa wake. Ilikua kutoka vitanda 27 hadi zaidi ya 300, ikawa miongoni mwa hospitali kubwa kabisa za uzazi barani Afrika. Shule ya wauguzi na wakunga ikastawi ndani ya ua wake.

Kukua huko kulileta mtu ambaye hospitali ya mwanzo haikuwa naye saa zote: daktari bingwa wa uzazi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kufunza madaktari mwaka 1967, nchi ilianza kupata wataalamu wake wa fani hii. Watu wengi hudhani kazi ya daktari huyo ni kupokea mtoto. La hasha. Mtoto anayekuja bila taabu hupokewa vyema na mkunga aliyefunzwa. Daktari wa uzazi yuko kwa ajili ya saa ile mambo yanapoharibika: kumpasua mama ambaye mtoto amekwama, kuzuia damu isiyokoma, kumpa dawa ya magnesiamu anayetetemeka kwa kifafa cha mimba, kuondoa kondo lililokatalia ndani. Kabla ya hapo humpima mjamzito shinikizo la damu na upungufu wa damu. Baada ya hapo humshauri kuhusu upangaji uzazi, hurekebisha nasuri, na hutafuta dalili za saratani ya mlango wa kizazi miaka mingi kabla haijaua.

Kazi hiyo yote ina adui mmoja, nao ni kuchelewa. Mama anayetokwa damu nyingi anaweza kufariki katika muda wa saa mbili. Wataalamu hutaja vizuizi vitatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitalini, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mkaazi wa Kibera au Kawangware anavijua vyote bila kufundishwa darasani.

Sehemu hizo mbili zilikuwa zimebadilika kabisa. Kibera ilifurika wapangaji waliotoka kila pembe ya nchi. Kawangware iliingizwa katika mipaka ya jiji na kujaa vyumba vya kukodisha vya wafanyakazi, wengi wao wakihudumu katika majumba ya Lavington. Hospitali kuu ya Kenyatta na ile ya Mbagathi ziko karibu na Kibera, umbali ambao mtu mzima huweza kuutembea mchana. Lakini uchungu wa uzazi hauchagui saa. Usiku wa manane gari haliwezi kuingia kwenye vichochoro, wenye teksi huogopa kufika, na mama hubebwa kwa mkokoteni au mgongoni mwa bodaboda hadi barabarani. Anayeelekezwa Pumwani lazima akatize jiji zima kutoka magharibi hadi mashariki. Ndiyo maana baadhi yao waliendelea kumwita mkunga wa mtaani, ambaye yu jirani, anajulikana na hukubali kulipwa kidogo kidogo.

Ugumu huo ulidhihirika mwaka 2020, serikali ilipotangaza kafyu kwa sababu ya janga la Covid-19. Wajawazito walijikuta wamefungiwa ndani hadi alfajiri. Daktari wa uzazi Jemimah Kariuki alianzisha mpango wa kuwasafirisha bila malipo kwa teksi na ambulansi usiku, baada ya kugundua kwamba wodi ilikuwa na wazazi wachache huku wanaofika wakiwa katika hali mbaya. Alitambua kwamba kisu cha upasuaji hakina faida iwapo mgonjwa hana njia ya kukifikia.

Kizuizi kikubwa zaidi, hata hivyo, kilikuwa fedha. Kwa miaka mingi, akina mama walioshindwa kulipa walizuiliwa hospitalini pamoja na watoto wao. Mnamo Septemba 2015, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba wanawake wawili waliozuiliwa Pumwani kwa kukosa ada walikuwa wamevunjiwa haki zao za kikatiba, ikaagiza walipwe fidia. Hukumu hiyo ilisema kwa lugha ya sheria jambo ambalo halikuwa limetamkwa katika siku za Lady Grigg: kwamba kujifungua kwa heshima si fadhila.

Miaka miwili kabla ya hukumu hiyo, tarehe 1 Juni 2013, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza kwamba huduma za kujifungua katika hospitali za umma zingekuwa bila malipo. Baadaye mpango huo uliitwa Linda Mama, kisha mwaka 2024 ukaingizwa katika bima mpya ya afya ya jamii. Matokeo ya jumla ya juhudi za miaka hiyo yanaonekana katika takwimu za kitaifa: waliojifungua wakihudumiwa na mtaalamu waliongezeka kutoka asilimia 44 katika uchunguzi wa 2008 na 2009 hadi asilimia 89 katika ule wa 2022. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba akina mama 355 walikufa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Wanawake wengi walikuwa wamefika hospitalini. Kilichobaki ni hospitali kuwa tayari kuwapokea.

Mwaka 2014 lilitokea jambo ambalo Lady Grigg angelitambua mara moja. Mkewe Rais, Bi Margaret Kenyatta, alizindua kampeni ya Beyond Zero na kukimbia mbio za marathon ili kuchangisha fedha za kununulia kaunti kliniki tamba za akina mama na watoto. Nia ilikuwa njema na magari yalinunuliwa. Lakini kliniki hizo hazingeweza kwenda popote bila mafuta, dawa na wahudumu, na hivyo havitoki katika mchango wa siku moja. Vinatoka katika bajeti ya kila mwaka. Miaka 88 baada ya kuanzishwa kwa huduma ya Pumwani, mama wa lile jumba la Ikulu alikuwa tena ndiye anayewaombea wazazi maskini.

Haya ndiyo yanayompa Lady Grigg nafasi yake katika historia ya Nairobi, nafasi isiyohitaji kutiwa chumvi wala kufichwa. Alikuwa sehemu ya utawala uliowanyima Waafrika ardhi na sauti. Papo hapo, katika mji ambao haukutaka kujua kwamba mwanamke Mwafrika anazaa, aliweka vitanda 27 na akataka wahudumu wafunzwe. Vitanda hivyo vilidumu kuliko utawala wenyewe, si kwa sababu ya jina lililobandikwa mlangoni, bali kwa sababu mwaka 1944 mji ulikubali kuvilipia.

Jina liliondolewa, na pengine ilistahili hivyo. Kazi ilibaki. Usiku, mama wa Kibera au Kawangware anapoteremshwa katika lango la Pumwani, hamkumbuki mke wa gavana. Anachotaka kujua ni kama kuna kitanda, kama kuna damu, na kama daktari yupo.